Pete ya Bluu na Maji ya Katwe

Bwera, siku moja kabla ya soko

Salumu mwanangu,

Mama yako amekataa kuiweka barua hii chini ya mihogo yako ya safari. Mimi ndivyo nilivyotaka: uikute ukiwa umeshafika Kasindi, umeshakula, umeshavua viatu, na hasira yako imechoka sawasawa na miguu yako. Yeye amesema ataiweka mkononi mwako leo hii kabla jua halijazama, huko kwa mama yako mdogo ulikojificha, na atasimama mlangoni mpaka uimalize. Unamjua. Kwa hiyo usijifanye unasoma polepole, mama wa watu ana magoti mabovu.

Mambo ya sweta, dawa ya kuhara na usilale kwa nani, atakuambia yeye. Mimi nina jambo moja tu, na kwa kuwa mimi ni mwoga nitazunguka kidogo kabla ya kuliingia. Ila usije ukasema nimekuchezea tena, nalitaja hapa juu kabisa, kama gazeti linavyofanya: aliyempa afande jina lako si Masereka. Ni mimi.

Sasa kaa chini. Ukitaka kwanza kutoka nje upige teke kitu, mpe mama yako karatasi aishike, ukirudi utaendelea.

Unajua kwamba mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Hujui kwa nini niliishia hapo. Watu wote nimewaambia ni kifo cha baba, lakini babu yako, mpishi wa askari, alikuwa mzima wa afya siku ile, anakoroga uji wa kambi nzima na mwiko kama kasia. Niliacha kwa sababu kila mwalimu alipofika katikati ya somo mimi nilikuwa nimeshapata kitu cha kuchekesha, na nusu iliyobaki ilipita juu ya kichwa changu. Nikajiona mjanja. Nina nusu ya hesabu, nusu ya Kiingereza, nusu ya sala, na Kilukonzo cha mama yako nina robo, ile ya matusi. Kwa maisha ya kambini nusu ilitosha. Askari hawakuulizi zaidi ya hapo.

Na ufundi wa saa nao niliupata hivyo hivyo. Ulipozaliwa, nyuma ya lile duka la saa la Kasese karibu na stesheni, mimi nilikuwa mfagiaji wa Bwana Jivan. Mhindi mwembamba, kikohozi kila asubuhi, mikono haitetemeki. Alinifundisha kwa sababu alichoka kuniona nikichungulia. Miaka ile, Uhuru bado mbichi, alikuja Mzungu mmoja anayepima vina vya maziwa kwa kamba na risasi. Alikuwa na saa ya wapiga mbizi, nene kama kizibo, na juu yake pete ya bluu inayozunguka, yenye namba, ya kuhesabia dakika ambazo mtu amekaa chini ya maji. Pete ilikuwa na mkwaruzo, na kwenye mkwaruzo kumeota vijidoa vyeupe.

Bwana Jivan akaniita. Akasema, hii si chuma, ni alumini, laini, ndugu ya sufuria. Wanaitia kwenye asidi wanapitisha umeme, na ngozi yake yenyewe inakua, inakuwa ngumu kuliko nyama ya ndani. Ngozi ile ina vitundu vidogo ambavyo jicho halioni. Wanaingiza rangi kwenye vitundu, halafu wanaichemsha kwenye maji safi, vitundu vinajifunga, rangi inabaki ndani. Ndiyo maana haibanduki kama rangi ya mlango. Maji ya chumvi ya baharini yanaweza kuizunguka miaka na miaka, ilimradi ngozi haijakwaruzwa. Ikikwaruzwa, chumvi inaingia chini yake na kuanza kuitafuna kutoka ndani. Jua nalo linaipausha.

Hapo nilikuwa naye. Kisha Mzungu akatoka nje kuwasha kiko, na mimi nikaanza kumwigiza anavyotembea, matako nyuma tumbo mbele, na mama yako alikuwa mlangoni na wewe mgongoni, akacheka. Nikaongeza. Bwana Jivan aliendelea kusema, namkumbuka midomo ikitembea, akanionyesha kidole mara moja. Sikumsikiliza. Nilirudi mezani na kitu kimoja tu kichwani: chumvi haiigusi. Alichosema baadaye nadhani nakijua sasa. Alikuwa anasema uulize kwanza ni maji gani.

Sikuweza kumuuliza tena. Mwaka walipofukuzwa Wahindi alinipa kioo cha jicho, bisibisi zake, na droo nzima ya takataka za saa, akapanda gari moshi akikohoa. Mimi nikaja Bwera nikatundika kibao kilichosema FUNDI SAA MKUBWA, na leo hakuna mwingine wa kunizidi ukubwa isipokuwa wewe, na wewe nimekukataza kusema.

Maana wewe una mkono, Salumu. Sijakuambia. Nilikuwa nakuita kinyozi wa saa mbele ya wateja ili wasijue kwamba saa ndogo za wanawake zote unazifungua wewe kwa sababu mimi sioni tena.

Sasa afande. Hii sehemu ya kwanza unaijua, ulikuwapo. Alikuwa amepewa kulinda mambo ya chumvi kule Katwe, akashuka huku Bwera kusaka magendo, na katikati ya kusaka akasimama mezani kwetu na askari wawili. Saa yake aliinunua ng'ambo alikopelekwa mafunzo. Nene, chuma cheupe, pete ya bluu. Ufunguo wake, kile kifundo cha ubavuni cha kuitilia nguvu, ulikuwa mgumu tu, unataka mpira mpya na grisi. Uliifanya wewe, vizuri, rafiki yako Masereka amekaa kwenye benchi anakula karanga. Kisha afande akaniuliza mimi, mkubwa wa kibao:

“Fundi. Hii saa naweza kuingia nayo ziwa ya Katwe?”

“Afande, izike kwenye gunia ya chumvi mwaka mzima. Siku utaifukua itakupigia saluti.”

Mama yako alikuwa pale pembeni anachambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

“Hiyo pete iko ya sufuria,” akasema. “Ziwa yetu iko na magadi. Magadi inakula sufuria.”

Mtoto wa Kabatoro huyu, pale pale kando ya ziwa. Kwao wana kiwanja cha chumvi tangu bibi wa bibi yake, amekua akiwa na vidonda vya miguu vya maji yale. Ziwa lile wanaume wake wakiingia kukata chumvi hufunga kwanza nyeti zao kwa mpira wa baiskeli, unajua hilo, umewacheka. Maji ambayo mwanaume anayaogopa kiasi hicho. Na mimi nikamwambia, Mama Salumu, saa hii imetoka baharini, usituletee jikoni. Askari wakacheka. Afande akacheka. Mama yako akaendelea na maharage yake. Nilifurahi siku ile, mwanangu, nakuambia kweli. Nililala nimefurahi.

Kumbe alikuwa ametoa jibu lote, na hakuhitaji kupelekwa ng'ambo kulipata. Kila mwanamke wa huku anayelainisha maharage kwa magadi ameona sufuria yake ikigeuka nyeusi, ikichimbika, mwisho ikitoboka. Bahari ina chumvi, basi. Ziwa letu lina chumvi na lina magadi, na magadi huimenya ile ngozi ya alumini hata kama haina mkwaruzo hata mmoja.

Baada ya mambo kuharibika nilifanya mtihani. Nimekuwa mwanafunzi mwema nilipokwisha kufeli. Kwenye droo ya Bwana Jivan kulikuwa na pete mbili kuukuu za saa za aina ile. Moja nikaitia kwenye kopo la maji ya mvua na chumvi nyeupe ya dukani, nyingine kwenye maji ya ziwa aliyoniletea mjomba wako. Uliona makopo yale chini ya meza ukaniuliza, nikakuambia ni dawa ya nguvu za kiume. Ya kwanza mpaka leo ni bluu, imepauka kidogo tu penye mkwaruzo. Ya pili ilianza kutoa povu dogo dogo, ikawa kijivu, namba zikafutika, na sasa ukiipitisha kidole kinatoka na unga. Nimeiweka hapa mbele yangu ninapoandika. Chuma cha pua kisingebadilika. Kioo hakibadiliki. Mashine ndani haijui hata kama kulikuwa na maji.

Na ndivyo ilivyokuwa ile ya afande. Alirudi nayo wiki ile ulipokuwa umekwenda Kisinga kutengeneza saa ya ukutani. Hukumwona, nitakusimulia. Hakupiga kelele. Aliivua akaiweka juu ya meza. Saa inatembea sawasawa, dakika haikosi, grisi yako na mpira wako vimezuia kila tone. Lakini pete ilikuwa nyeupe kama ukoko wa uji. Alikuwa ameingia nayo ziwani mbele ya askari wake siku baada ya siku, akiwaonyesha, akiwaambia fundi wake amesema. Sasa walikuwa wanamwita Afande Majivu akigeuka mgongo. Hilo aliniambia mwenyewe, na alivyolisema sikuona pa kuweka mzaha.

“Ulisema chumvi haiguse,” akasema.

Mwanangu, palikuwa na neno moja la kusema: Sikujua. Mtu akilisema anapigwa kofi, labda mateke, mzee mwenye mvi anasamehewa kwa kucheka. Nimelifanyia mazoezi tangu siku ile, linatoka vizuri sana sasa. Lakini kibao changu kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa changu, na benchi limejaa abiria wa mbali wanaongoja lori, na mimi maisha yangu yote sijawahi kuwaambia watu waliokaa kwenye benchi kwamba sijui.

“Afande, chumvi haikugusa,” nikasema. “Ni kijana yangu. Aliosha na dawa kali bila kuniuliza. Hawa vijana, afande, ukigeuka kidogo tu.”

Nikatabasamu. Nilikuwa nangoja acheke. Nilifikiri atasema vijana wa siku hizi, atakukemea ukirudi, atakupiga kofi moja, nami nitakutania jioni kwamba umepandishwa cheo. Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu, nakiandika si kwa kujitetea, kwa sababu hakinitetei.

“Jina yake.”

“Salumu, afande.”

Akatoa kitabu kidogo mfukoni akaandika. Akasema ukirudi uende Katwe ukamwone.

Unajua maana ya kwenda kumwona mtu siku hizi. Yule dereva wa lori la samaki wa Katunguru naye aliambiwa aende akamwone. Kandambili zake zilikaa pale getini kwa afande mpaka mvua ikazijaza maji.

Uliporudi nilikuambia askari wanakutafuta kwa ajili ya saa. Sikukuambia zaidi. Ukakaa ukafikiri, na kwa akili ile nzuri uliyo nayo ukahesabu: siku ya grisi, ukituacha sisi na askari, alikuwapo Masereka peke yake, Masereka anabeba chumvi ya magendo, Masereka amejinunua kwa afande kwa jina langu. Hesabu safi, ilikosa namba moja tu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako ukiifanya. Ningeweza kuijaza.

Ukaenda sokoni ukamvunja jino. Mtu mliyegawana naye baiskeli moja tangu mkiwa wadogo. Yeye hakujibu ngumi, alishika mdomo akakutazama, halafu akanitazama mimi. Watu wamejaa. Na mimi, babako, nikasema: “Sasa atapiga mluzi vizuri.” Wakacheka wote.

Nimesema mambo mengi ya kijinga. Nimesema mengine msikitini mpaka imamu akapoteza aya. Lakini hilo la mluzi huniamsha.

Ukubwa wa hasara ya ngumi ile wewe unaujua kuliko mimi. Yule mjomba wa Masereka mwenye duka pale Kasindi ndiye mtu peke yake ng'ambo ya mto wa mpaka anayejua jina lako. Chumba cha nyuma, meza dirishani, alikuwa ameshakubali tangu mwaka jana mlipokuwa mnaota biashara. Kule hawakosi saa mbovu. Sasa unavuka kesho kwenda kwa watu usiowajua, bila karatasi, na Kifaransa chako ni bonjour na mengine niliyokufundisha ambayo usiyatamke mbele ya mwanamke.

Mama yako aliyajua yote tangu siku ya kwanza, alikuwa nyuma ya pazia. Wiki tatu hakunisemesha ila “kula” na “toka hapo”. Jana akaniambia, “Utamwambia wewe ao nitamwambia mimi?” Nikasema nitaandika. Akasema basi andika kwanza, halafu uende kwa Masereka na miguu yako. Nimegeuza. Leo asubuhi nimekwenda kwa Masereka kwanza, ndiyo maana kalamu imepata nguvu kidogo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yao anafunga mabonge ya chumvi kwa maganda ya migomba.

“Mzee, umekuja kunichekesha?”

“Leo hapana.”

Nikamwambia kama nilivyokuambia, ila bila kuzunguka, maana yeye hakunipa kiti cha kuzungukia. Alikuwa ameweka goti juu ya mzigo anavuta kamba. Hakuacha kuvuta.

“Wewe ulisimama pale,” akasema.

“Nilisimama.”

“Ukasema nitapiga mluzi.”

“Nilisema.”

Akafunga fundo, akalijaribu, akafungua, akafunga upya. Kisha akasema, “Kesho nitavuka pale juu, penye mawe, si darajani. Tuko watatu. Salumu akinisalimia nitaitikia. Mambo ya mjomba, mimi sijui.”

Kuhusu wewe na yeye, ndicho nilichokuletea, hakuna kingine. Usikijaze maji kiwe kingi. Nilimtazama usoni na sikuona mtu aliyesamehe, niliona mtu aliyelelewa vizuri na mama yake. Lakini mto umejaa wiki hii, na pale penye mawe yeye anajua pa kukanyaga na wewe hujui. Ukimwona, anza wewe. Usimwelezee mambo yangu, ameshayasikia. Mwambie ya kwako, ya ngumi, halafu chukua mzigo mmoja ubebe.

Na sasa kuhusu geti. Utauliza, kwa nini huyu mzee hakwenda Katwe kusema ukweli? Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilishuka Kisinga nikajiambia tumbo linauma, na kweli lilianza kuuma. Mara ya pili nilifika Kabatoro, nikaliona geti, nikamwona hata askari wa zamu anakuna sikio kwa njiti. Nikanunua samaki nikarudi. Ndio wale uliowala ukasema ni watamu.

Ningeweza kukuandikia hapa kwamba Ijumaa nitakwenda tena na safari hii nitafika. Ingekuwa sentensi nzuri, ungeibeba mfukoni. Lakini nimejipima, Salumu, kama unavyopima saa kwa wiki nzima kabla ya kumrudishia mwenyewe. Sitakwenda. Hata ningekwenda, jina lililokwisha kuandikwa kwenye kitabu kile halifutwi kwa kuwekewa jingine chini yake. Wangetuchukua wawili. Huo ni ukweli, na pia ni kisingizio kizuri sana, na mimi mwenyewe sijui kipi kati ya hivyo viwili kinanikalisha hapa.

Siwezi kukufundisha jinsi ya kuwa mtu mwingine, sijafika huko. Ila siku utakapokaa kwenye meza yako, na watu wamejaa benchi, na mtu akakuuliza jambo, na ukajisikia ulimi unachangamka kabla kichwa hakijafika, nyamaza kidogo. Angalia kama kuna mwanamke pembeni anachambua kitu. Muulize yeye.

Hili la mwisho tumekubaliana mimi na mama yako, na ndilo pekee tulilokubaliana mwezi huu. Askari watarudi. Hawataacha kurudi mpaka wapate mtu au wapate habari. Kwa hiyo Jumapili tutatangaza kwamba ulikuwa unavuka mto na maji yakakuchukua. Mwaka huu yamechukua wengi, hakuna atakayeshangaa. Masereka na wenzake watasema waliona. Hilo alilikubali haraka kuliko mengine. Imamu ataitwa, kisomo kitasomwa, majirani watakuja kula.

Unaelewa maana yake. Hutaweza kurudi, si mwakani, wala afande akihamishwa, kwa sababu kitabu kile atamwachia mwenzake. Usituandikie. Usimtume mtu na salamu, hata wa soko, hata mwenye siri. Mama yako hatajua kama umepata chumba au umelala barazani, na ameshakubali kutojua. Mimi sijui kama nimekubali, lakini sikuulizwa.

Watu watanitazama siku ile, wote wanajua mimi ni mwigizaji, na wengine watakuja hasa kuona nitalifanyaje. Nitakaa kwenye mkeka mbele yao nilie. Sitahitaji kuigiza.

Baba yako